Uzio wa Ndani wa Kilbarron

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Vizuri sana. Jumamosi ni mbio za Kilbarron, na safari hii sishindwi. Nimeacha kuangalia farasi. Kila mjinga anaangalia farasi. Mimi naangalia uwanja.

Uwanja wetu ni mdogo, farasi wanauzunguka kwa mkono wa kulia, kona zake kali, kisha kilima kabla ya kumaliza. Mji mzima unajua kwamba anayebana uzio wa ndani ndiye mshindi, maana njia yake ni fupi. Wameyasikia kwa babu zao. Ndiyo maana hawaendi kuangalia.

Mimi nimekwenda. Nimeuzunguka kwa miguu, nikichoma ardhi kwa mwavuli. Mlinzi akauliza nimepoteza nini. Nikasema pete ya ndoa. Akainama akanisaidia kutafuta mpaka saa ya chakula. Mtu mwema.

Nilichogundua: kando ya uzio wa ndani ni uji mtupu. Kwato za mbio zilizopita zimepaponda. Upande wa nje, nyasi safi, ardhi imeshikana. Kwa hiyo Jumamosi atashinda farasi wa kupita nje, na yupo: Mnara wa Kengele, pande la farasi, miguu mirefu, hapendi kubanwa. Hakuna anayemtaka. Dau lake litalipa donge nono.

Jumatano, 8 Oktoba

Tatizo. Siri ikivuja, wote watamkimbilia Mnara na malipo yatashuka. Siri nzuri hailindwi kwa kunyamaza. Inalindwa kwa kusema nyingine.

Basi nimekwenda baa kwa Dervla, nikatangaza kwamba nimeukagua uwanja, na uzio wa ndani ni mkavu kama meza. Binti Kinyozi, nikasema. Yule farasi jike mdogo anayeganda kwenye uzio kama kupe. Hashindwi.

Shemeji yangu Fergal Brophy akainua kichwa. Fergal anauza nyama, na amenicheka tangu siku nilipomwoa dada yake. Mwaka jana alishinda Kilbarron kwa kumchagua mpanda farasi aliyewahi kununua soseji kwake. Picha yao wawili inaning'inia dukani, katikati ya mapaja ya nguruwe. Akaniuliza tangu lini natoa siri bure. Nikamjibu kwamba umri umekwenda, nataka kuwafaa wenzangu.

Dervla akanimiminia bia, hakutaka malipo. Dhamiri ilinisumbua mpaka bia ilipoisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Habari zimemfikia Attracta. Mke wangu hajawahi kucheza kamari maishani. Anaweka akiba ya kwenda Liverpool kumwona mdogo wake Bernie, aliyevunjika nyonga na yuko peke yake. Akiba haitoshi meli na siku za kukaa.

Alikuja nikimenya viazi. Akaketi kabisa, jambo asilolifanya jikoni.

“Malachy, huyo Binti Kinyozi ni kweli?”

Nilikuwa njia panda. Nikimwambia ukweli, kabla ya jioni utakuwa kwa Fergal. Watu wale walinyonya ziwa moja na wanapumua pua moja. Nikasema ni kweli.

Akaniwekea akiba yote mezani, nimchezee. “Sijawahi kukuomba kitu kama hiki,” akasema. “Usinifanyie mchezo, mume wangu.”

Nikamwambia alale usingizi. Pesa yake naiweka kwa Mnara, pamoja na yangu. Wengine wamemdanganya mke kwa kumdhuru. Mimi namdanganya kwa faida yake. Haya ndiyo mapenzi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike upesi kabla sijakata tamaa.

Asubuhi niliweka madau yote kwenye duka la kamari mjini. Mchana tukafika uwanjani, Attracta kavaa kofia ya harusini. Niliona uzio wa ndani umekaribia kidogo. Nikadhani ni miwani.

Haikuwa miwani. Jana wafanyakazi walikuwa wameusogeza uzio wote. Huwa wanafanya hivyo ardhi ikichakaa, kumbe. Ule uji wangu wote ukabaki nyuma ya uzio, ambako hakimbii hata sungura. Njia mpya ya ndani ilikuwa nyasi ambazo hazijakanyagwa mwaka mzima.

Binti Kinyozi alitoka mbele, akaganda kwenye uzio, hakuonekana tena ila mkia. Mnara alipita nje kama nilivyotabiri. Kila kona alizunguka mbali, mbali zaidi, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Kwenye kilima pumzi zikamwishia. Nadhani amemaliza. Sikungoja kumwona.

Mji mzima umeshinda. Fergal alinibeba juu. Mzito mimi, lakini alinibeba, machozi yanamtoka, akasema mbele ya watu, “Nimekucheka miaka yote, shemeji. Nisamehe.” Wakaimba jina langu. Na Attracta alinibusu shavuni hadharani, akaniambia nyumbani nitamkabidhi pesa yake, asije akaibiwa njiani.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani padri ameshukuru kwa paa jipya, akanitazama mimi. Hata yeye alimchezea Binti Kinyozi!

Baada ya chakula Attracta aliuliza. Nikaanza na mvua. Nikaeleza kona, uji, mwavuli, malipo. Nikamchorea uwanja kwa mchuzi kwenye sahani. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia sahani ile ije kichwani.

“Watu wote umewadanganya, wameshinda,” akasema taratibu. “Umemwonea huruma mmoja tu.”

Akainuka akaosha vyombo. Nikakaa na kitambaa cha kukaushia, hakunipa hata kijiko. Hilo limeniuma kuliko Mnara.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Fergal. Wateja wamejaa. Nikasema yote, mbele ya mapaja ya nguruwe. Nilitaka amkopeshe dada yake nauli. Nilijua mji utanicheka, na umecheka. Bibi mmoja alishikilia kaunta asianguke.

Fergal hakucheka. Alivua aproni, akafunga duka adhuhuri. Sijawahi kuona. Akaniambia tiketi ya dada yake ni juu yake, na kwamba yote aliyoshinda ameshinda kwa mdomo wangu, mwongo au si mwongo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Attracta amesafiri. Bandarini alinifunga kola ya koti, kwa hiyo bado ananihesabu kama mume. Ameagiza nisiwe karibu na farasi yeyote mpaka arudi. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewaza sana. Kosa langu ni nini? Si uwanja. Uwanja niliusoma sawasawa, wakaja kuuhamisha. Kosa ni kwamba nilikagua Jumatatu.

Jumamosi ijayo ni mbio za Drumlahan. Kule wanazunguka kwa mkono wa kushoto, tambarare, kando ya mto. Kila kitu ni kinyume cha Kilbarron, kwa hiyo hesabu yangu iliyokosea hapa lazima ipatie kule. Nitakwenda Ijumaa, uzio ukishatulia. Kutembea tu. Ahadi ilihusu farasi, na Ijumaa farasi hawapo.

Fergal amepiga simu kuuliza nani atashinda. Nimemwambia yeyote wa upande wa ndani. Ni uongo, bila shaka. Lakini Attracta nimemwandikia ukweli, aweke kila alichobakiwa nacho kwa farasi wa upande wa nje.