Nafasi Yangu Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti
Nimeaibika. Binti yangu alipeleka albamu ya familia shuleni. Leo mwalimu wake amemwuliza mke wangu, kwa upole kabisa, eti baba wa mtoto alifariki lini.

Miaka kumi na miwili ya ndoa! Nina studio ya picha, nina kamera nne, lakini katika picha zote za ukoo simo. Daima mimi ndiye mpigaji. Kaka wa mke wangu, yule mwalimu wa michezo tunayemwita Kifua kwa jinsi anavyokitanguliza mlangoni, yumo ukutani kwa mama mkwe mara saba. Katika moja ameshika kombe ambalo si lake.

Kesho tunasafiri wote kwenda kupanda mlima wa volkano. Mama mkwe ameshanunua fremu kubwa ya kuning'iniza juu ya televisheni. Picha itapigwa kileleni, ukingoni mwa shimo, ziwa likionekana chini. Binti ameniomba niwemo. Nimemwahidi. Nitasimama katikati, na Kifua atakaa pembeni, ikiwezekana nusu.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumefikia nyumba ya wageni kando ya ziwa. Mwongozaji wetu ni mwanamama mkimya mwenye buti kuukuu. Nimemteua mpiga picha wangu bila kumwuliza. Mchana kutwa nimemfundisha: amepiga picha kisiki kimoja mara arobaini. Mwishowe aliniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha.

Kifua ameogelea hadi ng'ambo na kurudi. Akapigiwa makofi. Mimi nilitia kidole cha mguu nikasema mwanga wa majini si mzuri leo.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumezunguka kilima kidogo kuzoeza miguu. Nikapata wazo. Kifua akichoka, kesho atafika kileleni amelegea, jasho chapachapa, hafai kuwekwa mbele. Basi walipokuwa wakipumzika nilimjazia mkoba mawe manane makubwa.

Nani angejua kwamba mawe ya volkano yana matundu kama sponji na hayana uzito wowote? Kifua alipanda huku akipiga mluzi. Wakati wa kula akayakuta. Akadhani nimemwokotea ya kusugulia miguu, akanishukuru kwa moyo mweupe, kisha akampa mama yake yote manane. Mama mkwe amesugua visigino mpaka vinang'aa. Anasema tangu azae hajaona mtoto anayejali visigino vya mama yake kama huyu. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Nilijishughulisha na kamba za viatu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepanda na shati jeupe lililopigwa pasi, ndani ya mfuko wa plastiki. Njia ni majivu matupu. Unakwenda hatua tatu, yanakurudisha mbili. Pale pa mwisho magoti yaligoma kabisa, Kifua akanivuta kwa mkono. Aliniambia twende shemeji, picha bila wewe haina maana. Inaudhi mtu unayemchukia akiwa mwema.

Nikabadili shati nyuma ya jiwe. Nikasimama katikati. Binti akanishika mkono, akaukaza hasa, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mwongozaji akainua kamera.

Akaishika upande! Ziwa zima lilikuwa linamwagikia kushoto. Halafu kutoka pale alipo, kilele kingine cha nyuma kingemwotea mama mkwe kichwani kama pembe. Nikavumilia. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Nikatoka kumnyoosha mkono kidogo tu. Alipouinamisha tena, nikasema nipige moja ya mfano, aone, halafu narudi.

Nikapiga. Nilipogeuka kumpa kamera, wingu likatua. Ziwa likapotea, mlima ukapotea, mama mkwe akabaki sauti tu akiuliza viatu vyake, alivyovivua ili visigino vionekane pichani, viko wapi. Tuliteremka tumeshikana mikoba. Binti alichagua kushika wa mjomba wake. Laiti angelia, ningejua la kufanya.

Jumapili, 17 Agosti
Leo fremu imetundikwa. Naandika kwa uaminifu: ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ziwa limetulia sawasawa. Kifua anameremeta. Kando ya binti yangu kuna nafasi wazi, upana wangu hasa, na mkono wake umenyooshwa pale, umeshika hewa. Mama mkwe anawaonyesha wageni hiyo nafasi, anawaambia huyo hapo ndiye mkwe wangu. Nilikwenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Niliporudi, binti alikuwa amewapanga watu wote kwenye sofa, mkabala na fremu. Amempa jirani simu ya mama yake. Akanionyesha pa kukaa. Katikati. Nikakaa, mkono wake ndani ya wangu, nikaapa kwamba sinyanyuki hata nyumba ikiungua.

Lakini dirisha lilikuwa nyuma yetu. Jua lote linaingia, sura zote zitatoka nyeusi tii, na jirani yule anatabasamu tu, hana habari. Nikamwomba simu, dakika moja.

Picha imetoka safi mno. Kifua ametoka vizuri kuliko wote.