Barua ya Rejista kwa Bi Asubuhi

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi mbaya. Saa moja kamili nilikuwa nimeketi mbele ya runinga, chai mkononi, tai shingoni kama ilivyo ada, nikimngoja Bi Asubuhi, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Hakutokea. Alitokea kijana mwenye meno mengi. Akatangaza kwamba Bi Asubuhi alipata ajali ya gari Jumamosi. Amevunjika nyonga, ameumia uti wa mgongo, ila yu hai. Nikasimama nivue kofia. Sikuwa na kofia. Nikaketi tena.

Tangu marehemu mke wangu aniache, mwaka wa nne sasa, ni mtu mmoja tu anisalimiaye kila kukicha bila kunidai jambo. Husema: na wewe uliye peke yako, nakuona. Nami humjibu: ahsante, binti yangu, nami nakuona. Shemeji yangu, dada wa marehemu, aishiye chumba cha nyuma, hunikumbusha kwamba runinga haina masikio. Namwomba radhi, lakini sijawahi kudai kwamba inayo.

Nikapiga magoti kumwombea mgonjwa. Katikati ya sala nikakumbuka. Barua!

Alhamisi iliyopita nilimwandikia Bi Asubuhi, kwa heshima zote, kumwonya juu ya tabia yake ya kuketi upande upande. Nakala ninayo, sikutumika masjala miaka thelathini na mmoja bure. Aya ya pili yasema hivi: "Ukae wima, binti, kama mtu mwenye mifupa. Uti wa mgongo Mungu hakukupa uwe pambo."

Ee Mola! Mtu yu kitandani kavunjika, na posta inamletea hiyo!

Lazima irudi kabla hajaifungua. Asiposalimia tena, sawa, ni ajali. Lakini asiposalimia kwa sababu yangu? Sitaweza kuitazama hiyo runinga. Wala kuizima.

Jumanne, 4 Juni

Nilifika posta kabla ya mlango kufunguliwa. Nikamweleza karani wa dirishani kwamba naiomba barua yangu irejeshwe, kwa sababu za kibinadamu. Akauliza ni ya kawaida au ya rejista. Nikajibu, kwa fahari ninayoijutia: ya rejista. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema, mzee wangu, ya kawaida ungeweza kuomba dua ipotee njiani. Ya rejista haipotei hata ukiifukuza. Imefika kituo cha televisheni jana, imetiwa sahihi.

Nikaenda kituoni. Mlinzi wa lango alinipa shikamoo iliyonyooka, kisha akaninyima njia. Barua zote za Bi Asubuhi, alisema, zinakusanywa kwenye gunia. Kamati ya Wapenzi wa Kipindi ndiyo itakayozipanga na kuzipeleka hospitali Jumanne ijayo.

Nikauliza mwenyekiti wa kamati ni nani. Jirani yangu. Fundi Saa!

Mwezi Aprili Fundi Saa alinialika katika kamati hiyo. Nilimjibu kwa maandishi kwamba mtu wa makamo yangu hajiungi na genge la wapiga vigelegele. Nilitia sahihi na tarehe.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao dukani kwa Fundi Saa. Saa ishirini na mbili ukutani, kila moja na ukweli wake. Nilipoingia kimya kilitanda, isipokuwa saa.

Nikaomba radhi kwa kuchelewa, kwa kuwahi (kutegemea saa ipi), na kwa barua ya Aprili. Fundi Saa akaitoa drooni. Ameihifadhi! Akawasomea wajumbe yote, pamoja na sahihi. Kisha akaniuliza kama nimekuja kupiga vigelegele au kushangilia kimyakimya. Wajumbe walicheka. Nikacheka pia, kwa adabu.

Anadhani nautaka uenyekiti. Uenyekiti! Kwa hiyo akanipa kazi ya kushika ncha ya kushoto ya bango la "Ugua Pole". Nikaikubali kwa unyenyekevu wa hali ya juu. Halafu nikadokeza, kama mtu asiye na haja, kwamba gunia la barua lisilopangwa kwa alfabeti ni aibu kwa mgonjwa.

Akaniangalia kama saa iliyotiwa maji. Lakini kuna asiyependa kupangiwa? Gunia litaletwa kwangu Jumamosi. Nilitembea kurudi nyumbani kama kijana.

Jumamosi, 8 Juni

Barua mia nne na kumi na mbili. Nimezitandaza sebuleni, juu ya kabati la marehemu, kitandani. Shemeji alipita akisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwomba asikanyage herufi M.

Yangu haimo.

Nimezipitia mara tatu. Kisha nikasoma kikaratasi kilichoshonwa mdomoni mwa gunia, ambacho msomi yeyote angekisoma kwanza: barua za rejista zimetolewa na kukabidhiwa mama mzazi wa mgonjwa, kwa usalama.

Kwa usalama!

Naomba radhi kwa linalofuata. Nyingine zilikuwa wazi, nami nilikuwa nimechoka. Nikasoma. Mjane mmoja anaandika kwamba tangu afiwe ni Bi Asubuhi pekee amwambiaye "nakuona". Dereva wa lori anasema vivyo hivyo. Mpishi wa shule naye. Na hati moja ya kupinda niliitambua: Fundi Saa! Anasema huanza kujaza saa zake zote anaposikia salamu ile, kwa kuwa ndipo anapojua kwamba siku imeanza na kwamba kuna mtu anayemwona.

Kumbe watu mia nne na kumi na wawili wananiibia salamu yangu.

Sikula mchana. Jioni nikapata shauri. Nitaandika barua nyingine, bahasha ileile, kalamu ileile, na kuzibadilisha hospitalini. Rasimu ya nne yasema: "Jilaze, binti yangu. Jilaze utakavyo. Hakuna anayehitaji kukaa wima duniani."

Shemeji aliisoma juu ya bega langu. Akasema, heri ya kwanza, hiyo ilikuwa na roho.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali. Ukumbi mrefu, harufu ya dawa ya sakafu. Bango letu lilikuwa pana kuliko mlango, nasi tukalikunja mara tatu hadi likasema "Ug Pole". Barua mpya ilikuwa mfukoni mwa ndani.

Mama mzazi alitutokea: mama mnene, kanga begani, macho ya kukesha. Fundi Saa akaanza hotuba. Nikaacha ncha yangu ya bango, nikamsogelea mama, nikamnong'oneza kwamba, samahani sana, ipo bahasha moja ya rejista, ningependa kuichukua mara moja kwa marekebisho madogo.

Akanitazama kutoka viatuni hadi kwenye tai. Akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: kumbe wewe ndiye baba wa mifupa!

Hotuba ilikatika. Wajumbe wakageuka. Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba.

Mama akasema kwamba mwanawe wiki nzima alikataa mazoezi. Alilala uso ukutani. Hakutaka kusikia pole ya mtu, maana kila pole ilimkumbusha. Ndipo mama akamsomea barua za rejista, kupitisha muda. Alipofika aya ya pili ya barua yangu, mgonjwa aligeuza uso. Akauliza, huyu mzee ni nani? Akadai ainuliwe, amjibu akiwa ameketi. Wauguzi wawili wakamwinua. Akakaa dakika kumi na mbili, jasho linamtoka, akiniita majina ambayo mama, kwa heshima ya umri wangu, hakuyarudia.

Jana akakaa ishirini na tano. Bado anatafuta maneno, mama alisema.

Nikaitwa ndani. Alikuwa kwenye mito mitatu, mdogo kuliko kwenye runinga, bila rangi ya midomo. Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Akaniambia nipumzike, baba, maana nitachoka kabla yake. Kisha akanieleza kwamba kile kiti cha studio kina mguu mmoja mfupi. Miaka sita analalamika. Asipoketi upande anaanguka mbele ya taifa.

Miaka sita nimemlaumu mtu kwa kosa la fanicha!

Nikamwambia tu kwamba kila asubuhi huwa namjibu. Hakucheka. Akauliza huwa namjibu nini. Nikamwambia. Akashika kidole changu kimoja, cha shahada, akakaa nacho kidogo.

Nje Fundi Saa alinisubiri. Nilitarajia kejeli. Akasema tu, jirani, ncha ya kushoto imeanguka. Tukalikunja bango pamoja. Barua ya "Jilaze" nimeichana.

Nimeapa: sitamwandikia mtu aliye hai barua ya kumrekebisha, hadi nizikwe.

Jumatatu, 26 Agosti

Amerudi!

Fundi Saa alikuja kutazama kwangu, akakaa kwenye kiti cha marehemu kwa ruhusa. Shemeji akaleta chai bila kuombwa. Saa moja kamili, huyo hapo. Fimbo imeegemea meza. Kiti kipya. Amekaa wima kama nguzo ya kanisa. Akasema: na wewe uliye peke yako, nakuona. Akaongeza: na baba wa mifupa, tazama.

Nilijibu. Fundi Saa alijibu. Shemeji, nilimsikia kwa masikio yangu, alijibu. Runinga haikusikia. Nililia mbele ya jirani na sikuomba radhi.

Ila.

Nasema haya kwa upendo na kwa heshima zote. Anapoinua kikombe chake, kidole kidogo hukinyoosha pembeni kama anayenusa upepo. Mara nne kwa nusu saa! Mtu wa hadhi yake! Mtu akinyamaza, nani atamwambia?

Fundi Saa anasema niache. Shemeji ameficha kalamu. Ninayo nyingine.

Nimerudi kutoka posta sasa hivi. Karani aliponiona alivua miwani mapema. Kurasa mbili tu, za staha kabisa. Nimeituma kwa rejista, isije ikapotea.