Nyuzi Ambazo Sumaku Haizitaki

Jumatatu, tarehe 5 Mei
Nyuzi za magitaa yote mawili ya kwaya zimekufa. Kutu tupu! Ukizigusa, vidole vinanuka msumari. Baada ya mazoezi Papa Zacharie, mkuu wa kwaya yetu, alitangaza mambo mawili. La kwanza: Jumapili, katika misa, Falone atapiga wimbo mmoja na mimi mmoja, halafu Papa Zacharie atachagua nani apige solo siku ya Pentekoste. La pili: mimi ndiye nitakayechagua nyuzi mpya dukani, pakiti moja kwa kila gitaa, kwa sababu eti Clémence iko mutoto wa akili, anashinda wote mu fizikia.
Mimi!
Falone anapiga vizuri kuliko mimi. Hapa naandika kweli, hakuna anayesoma. Lakini mwenye kuchagua nyuzi si ameshachagua mshindi? Nimeimba njia nzima hadi nyumbani kwetu, mtaa wa Shari.

Jumanne, tarehe 6 Mei
Dukani. Rodrigue, muuzaji, alinionyesha aina tatu. Za chuma kitupu: kali, sauti inakata. Za chuma kilichozungushiwa nikeli: sauti tamu kidogo, ndizo wengi wanachukua. Za nailoni: laini kama nywele, na zile nene zimevikwa waya unaong'aa kama fedha. Aliniuliza nataka za gitaa gani. Nikajibu kwa adabu: la kanisa. Alikuna kichwa. Kisha akaja mtu wa kununua chaja, na Rodrigue akaniambia nichague mbio, dada, watu wanangoja.
Sikuchagua. Jambo kubwa namna hii halichaguliwi mbio.

Jumatano, tarehe 7 Mei
Mungu ni mwema! Mjomba Kasereka amefika kutoka Nizi, anakochimba dhahabu. Wakati wa chakula alitueleza kazi yao. Wakishaosha mchanga, wanapitisha sumaku juu yake. Kinachorukia sumaku ni uchafu mweusi, wanatupa. Kinachobaki kimetulia ndicho cha bei. Alisema akitafuna: "Dahabu haikimbilie sumaku, iko na heshima yake."
Niliacha kula. Nikamwomba sumaku. Aliniuliza kama nimepata dhahabu. Nikasema bado, mjomba.
Mchana, dukani tena. Nyuzi za chuma: ziliirukia sumaku palepale. Za nikeli: vilevile, bila aibu! Za nailoni: kimya. Hata zile zenye nguo ya fedha hazikutikisika. Heshima kabisa! Rodrigue aliuliza kama nimetumwa na watu wa forodha.
Za nailoni, gitaa langu. Za nikeli, gitaa la Falone. Nimeandika majina juu ya pakiti kwa mwandiko safi. Falone alinishukuru sana. Nilimwombea kidogo.

Ijumaa, tarehe 9 Mei
Tumefunga nyuzi. Zangu hazina kile kifundo cha shaba mwishoni, nikazipiga fundo kama kamba ya mbuzi. Umeme hakuna, mafuta ya jenereta yanangoja Jumapili, kwa hiyo tumepiga bila bafle, ile spika kubwa ya kwaya. Nimetega sikio juu ya gitaa. Sauti ndogo, lakini tamu! Na vidole haviumi. Vya Falone vimekuwa vyekundu, anavipuliza. Nilimpa vaselini. Moyo wangu si mbaya, nina haraka tu ya kushinda.

Jumapili, tarehe 11 Mei
Ole wangu.
Falone alianza. Bafle iliimba mpaka wazee wa benchi la mbele wakatikisa mabega. Kisha mimi. Nikagusa uzi wa kwanza. Kimya. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Kimya. Papa Zacharie alibadilisha waya. Akapiga bafle kofi. Akatuma mtu kuangalia jenereta, ambayo ilikuwa inanguruma vizuri kuliko sisi sote. Kwaya iliendelea kuimba, na mimi niliendelea kupiga hadi ubeti wa mwisho, maana kuacha katikati ni aibu zaidi.
Baada ya misa Papa Zacharie aligusa nyuzi zangu. Alicheka mpaka akakaa juu ya ngoma. Eti chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku, na zinasikia chuma tu. "Weye umeiletea plastiki! Plastiki yenye koti!" Sumaku! Somo hilo liko katika daftari langu la fizikia. Nimelipigia mstari kwa rula.
Falone hakucheka. Alisema si haki kumhukumu mtu ambaye hakusikika, na akaomba nipewe Jumapili nyingine. Papa Zacharie alikubali. Nilitaka kumchukia Falone, lakini leo ilishindikana.
Nyumbani mama alinisifu: tangu nianze kupiga kanisani, leo ndiyo mara ya kwanza sikukosea.

Jumatano, tarehe 14 Mei
Nimefikiri kwa utulivu. Papa Zacharie anasema nichukue nikeli kama za Falone, basi, nifanye mazoezi. Lakini nyuzi kama za Falone zitanipa nini kumzidi Falone? Gitaa linapenda chuma. Vizuri! Yeye analipa chuma kidogo chenye koti la nikeli. Mimi nitalilisha chuma kitupu.
Nimepata waya wa breki ya baiskeli. Nimeufumua, nikatoa nyuzi sita. Zote zina unene mmoja, na hiyo ni faida: sitachanganya ipi ni ipi.
Jumapili nitasikika, nina hakika. Baiskeli ni ya papa wangu. Anaipanda Jumapili tu, kwenda misa, na kutoka kwetu hadi kanisani ni mteremko mtupu. Kwa hiyo safari hii hatachelewa kunisikiliza.