Mashine ya Babu na Baiskeli ya Baba

Jumatatu, 20 Juni 1994

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: katika uchoraji wa mashine nimekuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, lakini sijafungua nati hata moja maishani. Nachora tu.

Likizo. Nimezungusha mpini wa mashine ya kumenya kahawa tangu asubuhi. Mabega yamekufa. Mashine ni ya Babu Ignatio, ila bonde zima linaitegemea. Kahawa nyekundu isipomenywa mapema huchacha, na hawa wanunuzi binafsi walioanza kuja mwaka huu wakisikia harufu tu wanawasha gari. Binamu Nazari ananiita Mhandisi, kisha ananiachia mpini.

Nimeazima shuleni kitabu cha sehemu za mashine. Sura ya cheni imenipa wazo.

Jumanne, 21 Juni

Baba amepanda lori kwenda Liuli, ziwani, kununua samaki wakavu. Baiskeli ameiacha!

Mpango: nitoe gurudumu la nyuma, cheni izungushe mashine, mimi nikanyage pedali huku nasoma. Dada Walburga akauliza kama Baba anajua. Nikamjibu atajua akirudi.

Pedali ya kushoto iligonga mguu wa mashine, ikabidi itoke. Haikutoka. Nilivuta spana mpaka nikaona nyota. Walburga naye akaning'inia. Baadaye nikakuta kitabuni kwamba pedali ya kushoto hufunguka kinyume; tulikuwa tunaikaza. Sura ya pili. Nilishaipigia mstari mwenyewe.

Sasa haitoki kabisa. Tumechonga mguu wa mashine badala yake.

Jumatano, 22 Juni

Imezunguka! Mzunguko mmoja wa pedali, mashine inazunguka karibu mara tatu. Niliegemeza kitabu kwenye usukani kama bwana mkubwa.

Jirani yetu Mama Kunigunda akamimina kapu lake, akasema, mwanangu, polepole. Nikamweleza uwiano wa meno ya cheni. Akasema yeye anaona uji. Kweli. Punje zote zimepondwa pamoja na maganda.

Kitabu kinashauri kuweka pini dhaifu pale cheni inapoungana na mashine, makusudi, mambo yakikwama ikatike yenyewe na kuokoa mengine. Mimi, niweke kitu dhaifu kwenye kazi yangu! Nilikuwa nimeweka msumari wa inchi sita. Kijiwe kikaingia. Msumari ukasimama imara. Ekseli ya mashine ya Babu ikakatika.

Makapu ya watu yamepangwa uani. Yameanza kupata joto.

Alhamisi, 23 Juni

Leo sengu, mlo na baraza la ukoo. Wanaume wote wa ukoo tulikula pamoja kwa Babu. Kesi huja baada ya kunawa. Nilikuwa nafinyanga tonge lilelile. Nazari akanisogezea maharage. “Kula, Mhandisi. Mzigo unakusubiri.”

Baba amerudi. Ameitazama baiskeli, akaanza kurudisha gurudumu mwenyewe. Afadhali angenichapa.

Nilipokwisha kueleza yote, Babu akauliza ile pini dhaifu ingetengenezwa kwa kitu gani. Nikasema kijiti tu, shikamoo. Sijui kwa nini nilimwamkia tena. Waliangua kicheko mpaka wajomba.

Hukumu: Mama Kunigunda apewe kapu la kahawa yetu. Na mpaka ekseli ipatikane, kahawa ya bonde zima naibeba kichwani hadi kwa Mama Getrude, ng'ambo ya kilima, ambaye ana mashine.

Jumamosi, 25 Juni

Shingo imeingia mabegani. Lakini kahawa ya watu imepona, na Mama Kunigunda amenijibu salamu.

Leo, nikitua kapu, nimeona kwamba mashine ya Mama Getrude iko hatua chache tu kutoka kijito. Maji yanapita bure mchana kutwa! Nimetafakari sana makosa yangu na nimeyaelewa. Kosa lilikuwa baiskeli. Maji hayana pedali ya kushoto.

Mama Getrude alipoingia jikoni kunichemshia chai, nikafungua kamba ya kapu, nikapima upana wa kijito. Kisha nikaenda kwa mumewe, nikamwamkia vizuri, nikamwomba spana.