Kiboko Angani

Jumatatu, 6 Mei

Nimetukanwa kwa adabu, aina mbaya kuliko zote. Kila Jumamosi alasiri tunaizunguka meza ya fundi cherehani, mwenyeji wetu: msimulizi anaeleza hatari, wachezaji wanasema watafanya nini, dadu zinaamua nani apone. Miaka kumi na moja msimulizi ni mimi. Leo mfamasia, tunayemwita Bwana Kanuni, kanisimamisha mlangoni pa duka lake. Ati kikundi kimechoka na msitu wangu. Wanataka chombo cha angani. Niuhamishie msitu huko, nijaribiwe Jumamosi. Kura itapigwa: wasipofurahi, kiti cha msimulizi ni chake. Moja kwa moja! Mimi, mwenye Msitu wa Maporomoko Saba, kurasa mia mbili kumi na nne za maandishi ya mkono! Na anayenipindua ni mtu aliyebandika karatasi kwenye chupa yake ya maji: "Maji. Ya kunywa."

Jumanne, 7 Mei

Nimepata njia. Visa vyote duniani ni kisa kimoja. Nimewaandikia wahariri barua kumi na sita kuhusu jambo hili, hawakuchapisha hata moja, ushahidi tosha kwamba niliwagusa. Basi siandiki upya. Nabadilisha majina tu. Mto: korido. Kasuku: redio. Mimea itambaayo: nyaya. Hadi mchana, kurasa tisini! Kiboko nimemwacha kiboko. Ana kurasa nne na dadu zake kumi na moja, na hatoki.

Jumatano, 8 Mei

Mama watoto kasoma. Naye ni mchezaji. Naishi nyumba moja na mpiga kura. Kauliza kiboko anapumuaje angani. Nikamwambia kwa pua. Kauliza, hewa ya nani? Nikasema ubwana-kanuni sasa umeingia hadi jikoni kwangu. Akasema, baba, mimi nauliza tu, akaendelea kumenya vitunguu kwa namna ya dharau.

Nimeongeza kurasa mbili. Kiboko sasa ana vazi la anga na mtungi wa hewa ya siku arobaini. Aulize tena!

Mtumbwi umebaki. Wataukokota koridoni. Mazoezi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefinyanga kiboko wa udongo, ukubwa wa kiatu cha mtoto. Nikampelekea fundi amshonee vazi, Jumamosi niwaduwaze. Fundi kachukua utepe, kazunguka mara mbili, kauliza kiuno kiko wapi. Nikamwambia akadirie. Akasema, mzee wangu, miaka ishirini na tano nashona watu wa kila umbo, lakini huyu hana pa kukaza mkanda. Tumekubaliana kanzu fupi.

Kisha Shemeji, kaka wa mke wangu. Mtu wa vyeo. Nimemwahidi atakuwa nahodha. Kazi yake moja: nikijikuna sikio, apige makofi na kusema "Hatari tupu!" Kauliza kama nahodha ana kofia. Anayo.

Ijumaa, 10 Mei

Upelelezi. Nimeingia kwa Bwana Kanuni nikijifanya nina kikohozi. Kaniweka robo saa akinieleza kijiko kinavyojazwa. Siri sikupata. Nimerudi na chupa ya dawa na, cha ajabu, kikohozi.

Nimeusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, mbele ya kioo. "Mbele yenu, ukuta wa nyaya nene. Bila kuzikata, hakuna apitaye." Nilisisimka mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei

Nikasoma. Shemeji, kofia kichwani, akaamuru mapanga yatoke. Wakakata. Wakakata kwa bidii! Moyo ukanijaa. Ndipo Bwana Kanuni akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akauliza nyaya zile zilikuwa za kazi gani. Nikasema za chombo. Akasema ndiyo, lakini za kazi gani? Fundi akadakia kwamba nyaya nene hivyo haziwi za taa, hizo ni za mashine ya hewa, hata kipofu anajua. Bwana Kanuni akafungua kitabu chake cha sheria: hewa ikikatika, dakika nane.

Dadu zikarushwa. Fundi akafa. Mama watoto akafa, akiniangalia. Bwana Kanuni akafa akitabasamu. Nahodha akafa wa mwisho. Jasho likaniwasha, nikajikuna sikio. Marehemu Shemeji akaruka juu: "Hatari tupu!" Makofi.

Mama watoto akauliza kwa upole nani amebaki hai. Nikapekua. Kurasa zangu zote hizo, hazijaguswa!

Amebaki kiboko. Ana hewa ya siku arobaini.

Walicheka hadi fundi akalala juu ya meza yake. Kura: wanne kwa mmoja. Shemeji kasema ananipenda sana, lakini unahodha wa dakika nane ni dharau kwa ukoo. Mbaya zaidi, Bwana Kanuni kaomba kiboko abaki kikundini, awe nahodha mpya. Nikamtia kiboko mfukoni nikatoka bila kuaga. Nikarudi kuchukua miwani. Nikatoka tena bila kuaga.

Jumapili, 12 Mei

Nimejichunguza bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa kofia. Ilimtia Shemeji haraka.

Asubuhi Bwana Kanuni kapita na tangazo: mchezo ujao, mji chini ya bahari, na yeyote alete kisa, hata mimi. Hata mimi! Nilikuwa na kalamu mkononi kabla hajafika barabarani. Korido: mkondo. Redio: samaki. Kiboko nimemvua kanzu na mtungi. Maji ni kwao. Nyaya: mipira ya kupitishia wapiga mbizi hewa.

Mama watoto kasomea begani mwangu, kavuta pumzi ndefu. Nikamwambia safari hii sitaki maswali.

Ukurasa wa kwanza haujawahi kupendeza hivi. "Mbele yenu, ukuta wa mipira minene. Bila kuikata, hakuna apitaye."