Kitambi cha Nahodha

Jumapili, 8 Juni
Balaa! Jana kanisani daktari mgeni alifundisha afya. Akasema kitambi kikizidi, huenda hata akili ikapungua kasi. Kanisa zima likageuka kunitazama! Mimi, Manasseh Anyona, nahodha wa chemsha bongo ya Biblia hapa Kebirigo! Wa kwanza kugeuka ni Okemwa, yule mwembamba anayemezea mate unahodha wangu. Sabato ijayo tunashindana na timu ya kanisa la Nyaramba. Kitambi lazima kiondoke.

Jumatatu, 9 Juni
Nyumbani hatuna mizani. Nikaenda kituo cha majani chai, nikajining'iniza kwenye ndoano ya mizani yao. Wakulima hoi kwa kicheko. Karani Nyanchera akasoma tisini na nane, kisha kwa mazoea ya kupima majani akakata kilo moja ya gunia na moja ya maji. Tisini na sita! Nimepungua hata kabla ya kuanza. Nina kipaji.

Jumatano, 11 Juni
Maji moto tu. Mke wangu Kemuma kapika ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, makusudi. Eti, "Baba Bravin, kula wewe! Utaanguka mbele ya watu." Nikamjibu kwamba nahodha hashindwi na sufuria. Nikaenda kulala jua likiwaka, nisisikie harufu.

Ijumaa, 13 Juni
Suruali inateremka yenyewe. Nimesimama ubavu mbele ya kioo, pumzi nimeibana. Kijana kabisa! Nikakariri vitabu vya Biblia: Mwanzo, Kutoka, Mandazi. Uchovu tu. Kesho Okemwa atajua hajui.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu! Mama Bathsheba, muuliza maswali, alitaka kujua Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula gani. Dengu! Nilijibu kabla hajamaliza. Lakini sikukaa chini. Nikamtetea Esau, nikaeleza mvuke wa kile chungu, mpaka nikalia. Nilipofuta machozi, muda wa timu yetu ulikuwa umekwisha. Nyaramba wakashinda. Papo hapo Okemwa akafanywa nahodha. Imeniuma sana.

Jumapili, 15 Juni
Kemuma anasisitiza kwamba ni njaa iliyonivuruga akili, wala si kitambi. Maskini, mapenzi yamempofusha. Nimejikagua upya kwenye kioo na kosa nimeliona. Tumbo limepungua, lakini mashavu yako palepale. Na mashavu ndiyo jirani wa ubongo! Kuanzia kesho, hakuna kutafuna.