Kadilaki ya Wimbo wa Sufuria

Alonzo Pettigrew alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limefunika nusu ya uso, aliposikia pesa zikiimba redioni.

Waimbaji walikuwa vijana wanne wa Kiingereza, nywele mabegani, suruali za kubana, wakijiita Mbweha wa Shaba. Mwaka ule wa 1970 wimbo wao ulikuwa umeishika Marekani nzima. Mmoja alilia kwamba roho yake imetoboka, mapenzi yote yanavuja, kisha gitaa likalia baada yake kwa muda unaotosha mtu kunyolewa, kulipa na kufika nyumbani.

"Huo si wimbo wa Bi Arzula Peck?" alisema mzee Tarleton, kinyozi, wembe ukiwa umesimama hewani. "Yule mama wa kule Mississippi. Sufuria langu limetoboka, maharage yote yanavuja. Hawa watoto wametoa sufuria tu, wakatia roho."

Wateja wote wakakubali. Hapo Mtaa wa Beale, jijini Memphis, hakuna mtu mzima ambaye hakuwahi kuusikia wimbo wa sufuria.

"Hata wewe, Shemasi, ulikuwa na wako wa namna hiyo," Tarleton akaongeza.

"Wangu ulikuwa wa viatu," alijibu Alonzo. "Viatu vyangu vimetoboka. Wapi na wapi?"

Na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya muziki wa bluzi. Beti ziliazimwa kama chumvi ya jirani. Ukitia neno lako moja, wimbo ni wako, unapanda nao jukwaani kifua mbele, na hakuna wa kukutolea macho. Sheria hiyo ilifanya kazi vizuri sana muda wote ambao hakuna aliyekuwa na kitu. Sasa palikuwa na watoto wa Kiingereza wanaosafiri kwa ndege yao wenyewe, na Alonzo, huku akipanguswa povu, akaanza kuitazama sheria hiyo kwa jicho jingine.

Walimwita Shemasi kwa sababu ya suti yake nyeusi na sauti yake ya mtu anayekaribia kupitisha sahani ya sadaka. Kanisa lenyewe halikuwahi kumkabidhi hata ufagio. Aliwahi kuwauzia wenye vipara mafuta ya kuotesha nywele, na wajane viwanja vya makaburi vilivyokuwa chini ya maji. Kitu kimoja tu alikuwa nacho kihalali, au ndivyo alivyoamini: Kadilaki ya buluu. Zamani, wimbo wake wa viatu ulipouzika sana, kampuni moja ya santuri ya Chicago haikumpa fungu lake. Ilimpa gari. Ndivyo walivyowalipa waimbaji siku zile: unakabidhiwa gari linalong'aa, unatia sahihi juu ya boneti, na wimbo unabaki kwa kampuni milele. Tangu hapo sauti ilikwisha, mke aliondoka, na baadhi ya meno pia. Gari lilibaki. Wenye nyumba walipomchoka alilala humo, na asubuhi alilifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Alilipenda, na hilo nalisema bila kumcheka.

Mbweha wa Shaba walikuwa wanakuja Memphis mwisho wa juma. Alonzo akaingia garini na kushika njia ya Mississippi.

Bi Arzula alikuwa barazani akimenya kunde, bakuli mapajani. Alimtazama mgeni kwa muda, kisha akalitazama gari kwa muda mrefu zaidi. Alonzo alivua kofia, akaingia kwenye mahubiri. Alieleza jinsi wazungu walivyomwibia mama wa watu jasho lake, jinsi yeye asivyopata usingizi kwa uchungu, na jinsi mama akimwandikia tu kwamba wimbo ni wake Alonzo, atakavyompigania kama mwana. Akatoa chupa ya wiski na bahasha.

"Pombe niliacha," alisema Bi Arzula. "Na bahasha za wanaume wenye suti nazijua unene wake. Nataka hilo." Akaelekeza kidevu kwenye Kadilaki.

"Mama, hilo gari ni kama mke wangu."

"Basi umemtunza vizuri. Acha funguo."

Alonzo aliomba, akacheka, akajifanya anaondoka, akarudi. Mwanamke aliendelea kumenya kunde. Mwishowe Shemasi akafanya hesabu zake: Waingereza wakibanwa watatoa pesa za kununulia Kadilaki za kuegesha mtaa mzima. Akazitoa funguo mfukoni.

"Kabla sijatia sahihi," alisema Bi Arzula, "nieleweshe. Wao wana roho, mimi nina sufuria. Una hakika ni wimbo mmoja?"

"Mama yangu, mtu akibadilisha neno moja hajatunga wimbo. Ameiba."

Bi Arzula alicheka mpaka kunde zikamwagika. Alimwomba arudie maneno hayo, naye akarudia kwa sauti ya kanisani. Ndipo akatia sahihi. Alonzo alirudi Memphis kwa basi, akiwa amebanwa dirishani na mwanamke aliyebeba ndizi, lakini moyoni alikuwa ameshaanza kuchagua rangi ya gari jipya.

Meneja wa Mbweha wa Shaba aliitwa Hathersage, mtu mwembamba wa kunywa chai, na alimpokea katika chumba cha hoteli chenye zulia la kuzamisha viatu. Pembeni alikuwa amekaa mpiga gitaa wa kundi, Julian, ambaye tangu Alonzo ataje jina lake mlangoni hakuwa amepepesa macho. Alonzo aliweka mkataba wa Bi Arzula mezani na kuhubiri. Alipofika kwenye neno wizi alipiga meza, vijiko vikaruka.

"Kwa hiyo kutoa sufuria na kutia roho si kutunga," alisema Hathersage kwa upole.

"Ni kuiba, bwana. Mchana kweupe."

"Na mtu akitoa sufuria akatia viatu?"

Julian alikuwa ameshainuka, akafungua sanduku na kurudi ameshika santuri kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Katikati ya sahani, kwenye karatasi iliyochakaa, lilikuwepo jina la Alonzo Pettigrew.

"Ni wewe kweli," alisema kijana. "Niliinunua kwetu Leeds, kwenye duka la vitu vya mitumba. Nimejifunza gitaa lote humu. Wimbo wetu tuliuchukua kwako, mzee. Huyo bibi wa sufuria wala sikuwahi kumsikia."

Hathersage akamimina chai nyingine na kueleza, bila haraka. Kampuni ya Chicago ilikwisha kuja na kudai viatu vyake, nao wakailipa. Wenye wimbo wa viatu walikuwa kampuni, na bwana Pettigrew, kwa alivyosikia, aliuuza kwa hiari yake. Sasa kama bwana Pettigrew alitaka kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba sufuria lilitangulia viatu, mlango ulikuwa wazi. Ila Chicago wangependa kujua kwa nini aliwaapia kwamba viatu alivitunga yeye.

"Maana hapo, kwa maneno yako mwenyewe, mwizi hatakuwa Mwingereza," alimalizia.

Julian alimwomba atie sahihi juu ya santuri, akatia. Akapewa tiketi mbili za onyesho, viti vya nyuma. Mlangoni yule kijana alimkumbatia na machozi yakamtoka, na Alonzo, ambaye aliwaliza watu wengi lakini hakuwahi kumliza mtu aliyekuwa akimpenda yeye, aliteremka ngazi akiwa anajichukia.

Asubuhi alipanda tena basi la Mississippi. Alikuwa na hadithi ya kumlainisha mwanamke: mkataba una kasoro, sheria hairuhusu, tubadilishane tena. Alimkuta Bi Arzula amekaa ndani ya Kadilaki uani, vioo vimeshushwa, bakuli la kunde kwenye kiti cha pembeni.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani ungerudi jana."

Alonzo akaisahau hadithi yake yote. "Ulinijua?"

"Tangu ulipofungua mlango wa gari. Ulikuwa kijana mwembamba mwenye gitaa la nyuzi tatu. Ulikaa kwenye ngazi hizo msimu mzima wa pamba, unakula maharage yangu, macho kwenye vidole vyangu."

Na kweli alikumbuka. Alikumbuka ngazi, maharage, kidole gumba cha mwanamke kikipiga uzi wa chini. Alikuwa amekificha kitu hicho ndani kabisa na kujidanganya miaka yote hiyo, kwa ustadi ambao hakuwahi kuutumia kwa mteja yeyote. Aibu ilimshika, ile ya kweli, ya kumfanya mtu atazame vidole vya miguu. Akakaa kwenye ngazi palepale.

"Kwa hiyo ulinikasirikia kwa sababu ya wimbo."

"Wimbo?" Bi Arzula aliupungia mkono. "Mimi niliutoa kwa shangazi yangu, wake ulikuwa wa ndoo. Nyimbo tunaazimana. Nilikukasirikia kwa gari. Nilisikia umepewa gari kwa wimbo ule, nikasema huyu kijana atakuja. Nikavaa gauni langu la Jumapili. Nikangoja unipitishe nalo mbele ya kanisa, mara moja tu, watu waone. Hukuja."

Bi Arzula akawasha injini, nayo ikaitika kwa utii uliomuuma mwenye gari wa zamani.

"Panda nyuma. Nitakushusha kituo cha basi. Kwanza tunapita kanisani."

Alipanda nyuma, kofia magotini. Walipita kanisani polepole sana, Bi Arzula akipungia watu mkono, kisha wakashika barabara ya mashamba. Hapo mwanamke alianza kuimba chini chini, wimbo mpya. Ulikuwa wa mwanamume mmoja mwenye suti aliyekuja na gari akaondoka kwa basi, akimlilia mpenzi wake wa chuma aliyebaki uani. Ulikuwa mtamu kupita wa sufuria. Alonzo aliegemea kiti chake mwenyewe cha zamani, akafumba macho, midomo ikaanza kucheza. Mahali pa neno gari alitia farasi. Farasi alikaa vizuri.

Bi Arzula alimwona kwenye kioo.

"Alonzo," alisema, bila kupunguza mwendo. "Tuliza midomo."